Maoni ya Watu wa Kulamawe

Kulamawe,
14 Aprili 2025

Istar mwanangu,

Nimekuficha jambo, na leo nalitanguliza mbele ya salamu kwa sababu mkono wangu unachoka mapema siku hizi. Yale maoni ya watu wa Kulamawe niliyokuwa nikikuletea tangu Januari, hakuna aliyeyasema. Niliyatunga mimi.

Sasa salaam aleikum. Natumaini mama yako Naimo anaendelea vizuri baada ya upasuaji wa macho, na Ruweida dada yako amebeba mimba yake salama. Huku hatujambo. Mvua ilianza siku za mwisho za Ramadhani, majani yameota mpaka mlangoni, na ngamia wanakamuliwa vizuri. Mulki, shemeji yangu, anakusalimu. Bado ananiletea maziwa kila asubuhi kabla hajapeleka mitungi yake barabarani kumsubiri Ridwan, dereva wako, na gari.

Nirudi kwenye jambo langu. Uliniandikia kwamba Maziwa ya Abass, kampuni aliyokuachia marehemu baba yako, itapanga mkakati wake hadharani. Ulisema hutaki mpango wa kufungiwa ofisini. Utaupaka kwa rangi kwenye mabati mbele ya duka, bati moja baada ya jingine, na kila Alhamisi mtu yeyote aje aseme analoona. Ukaniomba mimi, kwa kuwa nilikuwa mkaguzi wa shule na niko huku ukweni, nikukusanyie maoni ya hawa wanaokamua, maana bati haliwezi kutembea mpaka Kulamawe. Nikakubali kwa moyo mmoja.

Ndipo nikakuletea yule mzee aliyetaka gari lipite kabla ya jua kali, yule mama kijana aliyelalamika kwamba mitungi inarudi kutoka mjini bila kuoshwa, na yule mama mtu mzima aliyesema, "Maziwa yetu yapozwe kwetu." Watu hao hawapo. Nimekagua shule maisha yangu yote, mwanangu, na kuna siku mto ulinizuia nikaandika ripoti ya shule nisiyoifikia. Ufundi huo ninao.

Naomba uyafute yote ukutani. Usiniulize kwa nini.

Mimi adeer yako, ndugu wa baba yako,
Shuriye


Isiolo,
19 Aprili 2025

Adeer,

Wa aleikum salaam. Mama anakusalimu sana. Siku hizi anaona mpaka kijiwe kilichojificha ndani ya mchele, na anatulaumu kwa wali wote aliokula kabla ya upasuaji. Ruweida amejifungua mtoto wa kike juzi, wote wazima. Wamempa jina la Umulkheir, la marehemu mkeo. Nilitaka uipate habari hiyo kwanza, kabla sijasema haya mengine.

Barua yako Ridwan alinikabidhi dukani, watu wamejaa. Niliisoma nimesimama. Nikaketi juu ya mtungi, nikaisoma tena. Ridwan akaniuliza polepole kama kuna msiba.

Unajua hayo maneno yako wapi, Adeer? "Maziwa yetu yapozwe kwetu" yamepakwa kwa rangi ya kijani juu ya duka, herufi moja ni urefu wa mkono wangu. Chini yake tumeandika: Mama mmoja, Kulamawe. Watu wanapiga picha hapo. Bati la pili lilikuwa limesema mtambo wa kupozea utajengwa mjini, karibu na duka, na sisi wenyewe tulikuwa tumeshakubaliana. Siku niliyosoma maneno ya huyo mama, Duba, yule wa bodaboda anayebishana na kila mtu, alisimama akawaambia watu wa mjini wanyamaze. Akasema, "Mama anakamua, nyinyi mnakunywa. Sasa nani ako na haki ya kuongea hapa?" Watu wakapiga makofi mpaka wauza mitumba wakaacha nguo zao kuja kuangalia. Tulilifuta bati mbele ya macho yao, mtambo ukahamia Kulamawe. Hivyo ndivyo mkakati ulivyobadilika. Niliwaambia wote kwamba hii ndiyo faida ya kupanga mambo waziwazi.

Na kumbe aliyekuwa akiongea ni wewe.

Nilikuwa nimemnunulia huyo mama kitambaa cha dirac, lile gauni refu la sherehe. Kipo hapa kabatini, kimekunjwa.

Sikasiriki, au labda bado sijafika huko. Nimeshangaa tu, na mshangao wenyewe hauishi. Kila nikiuza kikombe cha maziwa nayaona yale maandishi juu ya kichwa cha mteja. Sijayafuta. Nitawaambia nini? Umesema nisikuulize kwa nini, lakini wewe ndiye ulinifundisha kusoma, na ulikuwa ukinichapa nikikubali jibu bila kuuliza. Basi nauliza. Je, uliwaita watu kweli? Na kama uliwaita, walisema nini?

Mwanao,
Istar


Kulamawe,
11 Mei 2025

Istar mwanangu,

Salaam aleikum, na barua hii imechelewa kwa sababu laga, mto wetu wa msimu, lilijaa, Ridwan akalala ng'ambo ya pili ndani ya gari pamoja na mitungi ya maziwa yaliyochachuka. Alipovuka alikuja kwangu ananuka kama susa, maziwa ya kugandisha ya sikukuu. Watu walimcheka, naye akacheka.

Jina la mtoto limenifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika. Mulki alipolisikia jina la dada yake alitoka nje, akakaa huko kwa muda. Mwambie Ruweida kwamba bibi huyo aliyeitwa hakuwa mtu wa kelele, lakini akilitaka jambo lilikuwa linafanyika. Nimpe mtoto tahadhari hiyo mapema.

Nina habari nyingine niliyokunyima. Sijainuka kitandani tangu kabla ya Ramadhani. Moyo umechoka na miguu imevimba. Daktari wa zahanati ni kijana mwenye adabu, aliniambia ukweli nilipomwomba. Jattani, mwana wa Mulki, ndiye ananiosha na kunigeuza. Usije mbio. Mtu wa umri wangu kufa si habari ya kusimamisha biashara.

Umeuliza kama niliwaita watu. Niliwaita. Walikuja hapa chumbani, wanawake wote wenye mitungi na wanaume kadhaa, wakajaza mkeka mpaka nje ya mlango. Niliwasomea mpango wako wote kama ulivyoniandikia, bati kwa bati, nikaufafanua kwa Kiborana pale Kiswahili kilipokuwa kigumu. Walisikiliza vizuri. Kisha nikasema, haya, semeni.

Hakuna aliyesema.

Wakanimiminia chai. Wakauliza macho ya Naimo. Wakamwombea baba yako dua, wakasema wewe ni msichana mwenye bidii. Nikawasihi, nikawatania, nikawaambia wanaume kwamba leo ndiyo siku ya kulalamika bure. Walicheka tu. Niliwaita tena baada ya wiki mbili, ikawa vilevile. Mulki peke yake, akiwa ameshika mlango, ndiye aliniuliza, "Shuriye, hiyo mpango ni mzuri. Lakini gari itabaki?" Nikamwambia, kwa nini lisibaki? Akaniangalia kidogo, akasema, "Basi ni sawa."

Darasa likinyamaza, mwalimu hujua kama halina jibu au linalo na limeamua kutosema. Hawa walikuwa nalo. Mimi nililijua. Kwa hiyo nikawasemea maneno mengine, ili angalau kitu kiletwe Kulamawe kwa mlango wa nyuma: ule mtambo. Hilo la mlango wa mbele, jibu lao lenyewe, niachie kidogo.

Sasa nikuulize na mimi swali la Mulki, maana tangu siku ile linaniamsha. Mpango wote uko ukutani? Gari litabaki?

Nakuombea usiku na mchana,
Shuriye


Isiolo,
20 Mei 2025

Adeer,

Wa aleikum salaam. Mama amelia tangu nilipomsomea habari ya kitanda. Anasema ulikuwa ukiandika mistari iliyonyooka kiasi kwamba hakuna ambaye angeshuku. Anataka uletwe Isiolo. Najua utakataa, kwa hiyo ninakutumia godoro na Ridwan, naye ameagizwa asilirudishe hata ukimfukuza. Mtoto anakua.

Swali lako limenishtua zaidi ya ugonjwa wako, Mungu anisamehe. Nani amemwambia Mulki? Hata mama hajui. Ridwan hajui, naye ndiye anayeshika usukani kila siku. Nimejiuliza siku tisa.

Hapana, Adeer. Mpango wote hauko ukutani. Kuna bati moja la mwisho ambalo sijalipaka.

Kuna kampuni ya Nairobi inayotaka kununua Maziwa ya Abass. Watachukua jina, wateja wa Eastleigh na gari. Anayeshughulikia ni mwanamke wa Meru, anaitwa Makandi, mtu mzuri kwa kweli, hana maringo. Yeye ndiye alisema tangu mwaka jana kwamba hawatanunua kampuni ambayo wenyeji watakuja kuilalamikia baadaye, kwa hiyo watu wahusishwe kwanza. Nilianza Alhamisi zangu kwa sababu hiyo. Halafu nikazipenda. Nilianza kuamini kila neno nililopaka, hata la mtambo. Lakini tarehe thelathini ya Juni natia saini. Makandi hasemi kama gari litaendelea kuja Kulamawe. Anasema wataangalia.

Nimechoka. Tangu baba afariki sijalala mpaka asubuhi hata siku moja bila simu ya mtungi uliomwagika. Ule ukame ulitumaliza. Kampuni yenyewe, ukiitoa jina, ni gari lile moja. Baba aliuza ploti yake ya Bulla Pesa ili alinunue, na wewe ndiye uliyenisimulia siku ya mazishi, tukiwa tumekaa mlangoni na viatu mkononi. Nilijivunia sana siku ile. Basi ikiwa baba alitoa ploti yake, mimi mwanawe nina haki ya kupumzika kwa kitu alichokitolea jasho. Sivyo?

Nimeamua jambo. Sitalificha tena. Tarehe kumi na nne ya Juni nitakuja Kulamawe na bati lenyewe, pamoja na Makandi, nilisome mbele ya watu, na waseme wenyewe. Hapatakuwa na wa kuwasemea. Na nitakuona.

Istar


Kulamawe,
2 Juni 2025

Istar mwanangu,

Salaam aleikum. Godoro limefika na limekuwa laini kupita nilivyostahili. Huku wanajiandaa kwa Idi. Jattani amechagua mbuzi.

Niliposoma barua yako nilimwomba Jattani afungue mlango na dirisha, akadhani ni pumzi imekatika. Kuuza. Sikuwahi kulifikiria neno hilo na gari lile pamoja.

Usije tarehe kumi na nne. Usiwasomee bati hilo. Hawatakupinga, na hilo ndilo ninaloliogopa. Ahirisha saini kwanza. Ninajua unachoniuliza sasa hivi, na jibu ninalo, lakini nilipewa siri hii na mtu ambaye hawezi tena kuniruhusu niitoe. Nilimpa neno langu. Nipe siku chache nibishane naye.

Ukinipenda ahirisha.

Shuriye


Isiolo,
23 Juni 2025

Adeer,

Wa aleikum salaam. Idi ilikuwa njema, mtoto alivalishwa kofia kubwa kuliko kichwa. Mama anakusalimu na ameniambia nikuandikie kwa upole. Nitajaribu.

Sikuahirisha. Watu wote wa Isiolo wamekuwa wakiniuliza mbona bati la mwisho halipakwi, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayetangaza uwazi akiwa na siri mfukoni. Barua yako haikunipa sababu hata moja.

Nilikuja kwako kabla ya mkutano. Nilikaa kando ya kitanda chako, nikakushika mkono. Ulifumba macho. Jattani alisema umelala. Hukulala, Adeer, kope zako zilikuwa zinacheza. Sijawahi kufikiri kwamba utanikimbia ukiwa umelala chali.

Tulikutana pale barabarani wanapoweka mitungi, gari likiwa limesimama katikati yetu. Nililisoma bati lote. Nilisema wazi kwamba ninauza, na kwamba gari litakwenda na sijui kama litarudi. Nilisema nataka maoni, hata matusi. Makandi alikuwa na kalamu tayari. Ridwan alizima injini ili kila mtu asikike.

Kilichosikika ni mbuzi tu.

Nikarudia. Nikamtazama mmoja mmoja. Adeer, hao ni watu wanaobishana nami bei ya kizibo cha mtungi. Hatimaye Mulki akasimama, akajifunga leso yake vizuri, akasema, "Mwanangu, kama umechoka, pumzika. Gari ni yako. Mungu akubarikie." Wote wakasema amin. Wakatuchinjia mbuzi. Makandi aliniambia kwenye gari kwamba hajawahi kuona jamii inayokubali kwa moyo mweupe namna hiyo, akaandika kwamba wenyeji wameridhia.

Lakini nilikuwa nimeona jambo, na tangu siku hiyo sili vizuri. Tulipokuwa tunaondoka, wanawake walikuja kwenye gari, mmoja nyuma ya mwingine, na kila mmoja aliweka kiganja chake kwenye bodi, akakiacha hapo kidogo, kisha akapisha. Hawakulia. Mulki alikuwa wa mwisho na alikaa zaidi. Hawakunigusa mimi. Waligusa gari.

Makandi alidhani ni baraka ya safari. Ridwan alingoja mpaka tulipomshusha Makandi mjini, kisha akasema, "Madam, mimi ni mtu wa town, hii maneno siyajui vizuri. Lakini nimeona hawa watu wakiuza mifugo soko. Hivyo ndio wanaagaga ngamia ikitolewa bomani."

Kwa nini waage gari la baba yangu kama ngamia wao? Mbona wewe huwezi kunitazama? Nimewauliza watu maoni kwa miezi sita, mjini na huku, na wote wamesema kila kitu isipokuwa watu ambao wana kitu cha kusema. Nimepigwa na butwaa kiasi kwamba hata mama ananinong'oneza kama mgonjwa.

Saini ni Jumatatu, tarehe thelathini. Kama kuna neno, lije na gari hili kabla ya hapo. Kama aliyekupa siri ni baba, hawezi kukuruhusu. Mimi nakuomba.

Istar


Kulamawe,
27 Juni 2025

Istar mwanangu,

Salaam aleikum wewe na Naimo na Ruweida na huyo mwenye kofia. Ridwan amekaa hapa mlangoni, injini inanguruma, ameapa hatasogea mpaka niandike mstari wa mwisho. Ninaandika nikiwa nimeegemezwa mito mitatu.

Ni kweli sikuwa nimelala. Ningefungua macho ningeyasema yote, na Makandi wa watu alikuwa amesimama mlangoni. Nisamehe.

Siri ni ya Abass baba yako. Nimebishana naye wiki tatu na naona ameshindwa.

Wewe ulikuwa chuoni Eldoret mwaka ule laga lilipolichukua lile gari la kwanza, la kijani. Ulikuwa mwaka 2011, ukame umetoka kuua mifugo, halafu mvua ikaja kwa hasira. Baba yako aliokolewa akiwa ameshika mti, na gari hatukuliona tena. Alikuja hapa kwangu amelowa, akakaa kwenye kiti hiki kilicho karibu nami, akasema kampuni imekwisha. Hakuwa na kitu. Sisi wawili hatukuwa na kitu.

Kuna desturi ya Waborana, wenyewe wanaiita buusa gonofa. Mtu akipoteza mifugo, jamaa zake wanaketi, na kila mwenye uwezo anamletea mnyama mpaka asimame tena. Si mkopo na si sadaka. Aliyetoa hataji alichotoa, si leo si kesho, wala mbele ya mtoto wa aliyepewa. Kukitaja ni kumvua mwenzako nguo. Aliyepewa naye ana wajibu mmoja tu: wengine wakianguka, na yeye alete. Hiyo ni desturi ya ukoo, na sisi si wa ukoo wao. Sisi ni wajukuu wa askari walioletwa hapa na Mwingereza, wenye maduka na malori. Lakini Mulki alisimama katika kikao cha watu wake akasema, "Shuriye ni mume wa dada yangu. Kilichomwangukia ndugu yake kimetuangukia." Hakuna aliyebisha. Siku mbili baadaye ngamia walianza kutolewa bomani.

Tuliwapeleka Isiolo sokoni kwa miguu, mimi na Jattani na wazee wawili. Kwa ngamia hao ndipo gari hili lilinunuliwa, hili ambalo Ridwan ameliacha likinguruma. Baba yako aliona aibu. Alisema watu wa mjini wakijua kwamba nyumba yetu imeinuliwa kwa mifugo ya wanawake wa porini, jina letu litakwisha. Akaniapisha niseme kwamba ameuza ploti. Hakuwahi kuwa na ploti Bulla Pesa, Istar. Niliitunga siku ile, na siku ya mazishi nikaitunga tena mbele yako kwa sababu ulikuwa unalia na nilitaka ujivunie.

Halafu ukaja ukame wa 2022. Waliobaki na ngamia wakawapoteza. Ilikuwa zamu yetu kuleta. Abass alikuwa ameshafariki, wewe hukujua lolote, na maziwa yalipopungua ulilisimamisha gari miezi minne. Mimi nilijua. Nilikuwa hapa hapa, nakunywa chai yao, nikanyamaza ili neno nililompa marehemu lisivunjike. Nao wakanyamaza kwa adabu. Ndiyo maana ulipowaita waseme maoni walikuombea dua. Ungeweza kuwauliza miaka kumi. Desturi yao inawafunga midomo, na aliyekuwa huru kusema ni mimi peke yangu. Nikatumia uhuru huo kumtunga mama asiyekuwepo.

Sikuambii usitie saini. Nimekusemea vya kutosha, wewe na wao. Lakini yale maneno ya kijani usiyafute kwanza, na kile kitambaa kilichoko kabatini kina mwenyewe.

Yuko nje sasa hivi, anafukiza mtungi wake kwa moshi kama kila asubuhi, na hajui ninachokuandikia. Leo ameniletea maziwa, nikanywa. Yule ngamia wa kwanza kutoka bomani alikuwa wake. Alikuwa ndiye pekee aliyebaki na maziwa nyumbani kwake baada ya ukame wa 2011, na Mulki alikuwa na watoto wadogo. Aliyeshika kamba na kumtoa nje ni mimi, na nilijua kwamba Mulki hakuwa na mwingine.

Shuriye